Jules Freund: mhamiaji aliyeacha jina lake kwenye chupa ya mafuta

Wasomaji wetu wengi wana mzee nyumbani ambaye akiamka asubuhi vidole havikunjiki na magoti yamevimba. Kwetu tunasema ana baridi yabisi, na wapo wanaoamini mpaka leo kwamba huletwa na ubaridi wa usiku. Ile aina kali, rumatoidi athritisi, haitokani na baridi. Ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe na kuvitafuna viungo. Leo tunamkumbuka daktari ambaye umaarufu wake haukuanzia kwenye maradhi haya, lakini watafiti wake walimtegemea mno.

Jules Freund alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1890, na akasomea udaktari huko huko. Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika, dola ya Austria na Hungaria ilikuwa imevunjika, na katika miaka ya 1920 akahamia Marekani. Sisi tunaoishi nchi za watu tunajua maana ya kuanza upya ukubwani. Alifanya kazi Philadelphia, kisha New York.

Swali lililomshika lilihusu kifua kikuu. Ilikwishaonekana kwamba mnyama mwenye ugonjwa huo akidungwa kitu kigeni, mwili wake hupambana nacho kwa nguvu kuliko kawaida. Freund akachukua vijidudu vya kifua kikuu vilivyokwisha kuuawa, akavitia katika mafuta ya parafini, akaongeza kitu cha kuyashikanisha mafuta na maji, akakoroga mpaka ukapatikana mchanganyiko mweupe, mzito. Mafuta hukiachia kile kitu kigeni kidogo kidogo, na vijidudu huishtua kinga kama king'ora. Mchanganyiko huo ukaitwa ajuvanti ya Freund.

Nguvu yake ilikuwa ya kutisha. Kabla yake, watafiti waliotaka kumpa nyani ugonjwa wa kinga kushambulia ubongo walilazimika kumdunga mara nyingi, kwa miezi. Mwaka 1947 Freund na wenzake walionyesha kwamba simbilisi hupata ugonjwa wa namna hiyo kwa sindano moja tu.

Viungo viliingia kwa bahati. Mwaka 1954 watafiti wengine waliripoti kwamba panya waliodungwa ajuvanti hiyo pamoja na tishu za mnyama walivimba viungo. Mwaka 1956 Carl Pearson wa California akaonyesha kwamba hata tishu haikuhitajika: mafuta na vijidudu peke yake vilitosha. Baada ya wiki mbili hivi, miguu ya panya ilikuwa imevimba na hawawezi kutembea vizuri. Basi viwanda vya dawa vikapata kipimo walichokuwa wakikitafuta, na kuanzia miaka ya 1960 panya hao wakatumiwa kupima dawa za kupunguza uvimbe.

Lakini panya si bibi yako. Ugonjwa wake hupanda haraka kisha hutulia wenyewe, wakati wa binadamu huweza kumfuata mtu miaka na miaka. Damu ya panya hao haina ile alama ambayo madaktari huitafuta kwa wagonjwa wengi. Ndiyo maana dawa kadhaa zilizomponya panya hazikumfaa mtu.

Na kuna maumivu. Ajuvanti hiyo huweza kuacha vidonda na uvimbe mgumu palipodungwa, na kwa sababu hiyo haipewi binadamu. Leo miongozo mingi ya maabara huruhusu ile yenye vijidudu itumike mara moja tu kwa mnyama mmoja, na zinazofuata ziwe mafuta matupu. Kwa maoni yetu masharti hayo yalichelewa.

Freund alihamia maabara za serikali huko Bethesda mwaka 1957. Mwaka 1959 alipewa tuzo ya Lasker, mojawapo ya tuzo kubwa za utabibu Marekani, na mwaka uliofuata akafariki. Mwaka 1977, watafiti walipofanikiwa kuwapa panya ugonjwa wa viungo kwa kutumia protini ya gegedu, walichanganya protini hiyo na mafuta ya Freund.