Habari za Izaak Walton, Mvuvi wa Mtoni

Uvuvi wa nyavu na madema twaujua, maana watu hupata chakula kwao. Leo twataka kusimulia habari za mtu wa zamani aliyependa kuvua kwa ufito, mshipi na ndoana, na kuona furaha hata siku aliporudi mikono mitupu.

Izaak Walton alizaliwa mwaka 1593 katika mji wa Stafford, Uingereza. Baba yake alikufa yeye angali mtoto mdogo. Alipokuwa kijana alikwenda London akajifunza biashara, hata akawa na duka lake mwenyewe. Hakusoma sana shuleni, lakini alipenda vitabu. Mchungaji wa usharika wake alikuwa John Donne, mhubiri na mshairi mkuu, nao wakawa marafiki. Baada ya Donne kufa, Walton aliandika habari za maisha yake, zikapigwa chapa mwaka 1640.

Lakini nyumbani mwake mlikuwa na kilio. Mwaka 1626 alimwoa Rachel Floud, wakazaa watoto saba, na wote saba wakafa wangali wadogo. Mwaka 1640 mama yao naye akafa. Miaka miwili baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza katika nchi. Walton alikuwa upande wa mfalme, na mfalme alikatwa kichwa mwaka 1649. Wengi wa wachungaji na maaskofu waliokuwa rafiki zake waliondolewa katika kazi zao.

Basi katika siku hizo za uchungu, mwaka 1653, alitoa kitabu kiitwacho The Compleat Angler. Ndani yake mvuvi hutembea kando ya mto Lea pamoja na mwanafunzi wake, akimfundisha tabia za samaki na namna ya kuwavua. Hamna matukano wala kisasi. Mwisho wake ametia agizo la Paulo kwa Wathesalonike la kutafuta utulivu.

Katika mito ya baridi ya nchi ile yuko samaki aitwaye trauti, ambaye baadaye aliletwa hata katika mito ya Mlima Kenya. Samaki huyu hula wadudu waangukao majini. Kwa hiyo mvuvi hutwaa ndoana ndogo, akaifunga manyoya ya ndege, sufu na uzi wa hariri, hata ifanane na mdudu. Kisha huitupa polepole, itue juu ya maji kama kitu chenye uhai. Wadudu hubadilika mwezi kwa mwezi, basi yampasa autazame mto kwanza, ajue ni mdudu gani arukaye leo, ndipo amwigize. Samaki huyu ni mwoga na mwenye macho makali. Akidanganyika kwa kitu ulichokifunga kwa vidole vyako mwenyewe, furaha yake ni kubwa kuliko ya samaki kumi wa chambo.

Walton alikuwa hodari wa chambo cha minyoo na vyura. Lakini katika kazi ya kufunga nzi, mengi aliyoandika aliyapata kwa Thomas Barker, wala hakuficha jambo hilo.

Alikuwako pia Charles Cotton, aliyezaliwa mwaka 1630, mwenye shamba kando ya mto Dove. Huyu alikuwa mtu wa namna nyingine: alisumbuliwa na madeni, na baadhi ya mashairi yake ya mzaha hayafai kusomwa mbele ya watoto. Hata hivyo Walton alimpenda kama mwana, naye akamheshimu kama baba. Mwaka 1674 Cotton alijenga kijumba cha mawe mtoni, na juu ya mlango ikachongwa herufi za majina yao wawili, zimefumwa pamoja. Kijumba hicho kipo hata leo.

Mwaka 1676, chapa ya tano ilipotengenezwa, Walton alikuwa amepita miaka 80. Angaliweza kuongeza maneno yake mwenyewe, na watu wangaliyapokea. Badala yake alimwachia Cotton aandike sehemu ya pili juu ya nzi. Cotton akaeleza nzi zaidi ya 60, kila mmoja na mwezi wake, akafundisha kutumia mshipi mwembamba na kusimama mbali, samaki asione kivuli. Tangu hapo wavuvi wengi wamejifunza kwake.

Walton alikufa Winchester tarehe 15 Desemba 1683, mwenye umri wa miaka 90, akazikwa katika kanisa kuu la mji huo. Katika wasia wake aliwakumbuka maskini wa Stafford: wavulana wafundishwe kazi, na makaa ya mawe yanunuliwe wakati wa baridi.

Ndugu, wazee wengi wana maarifa, lakini ni wachache wajuao mpaka wa maarifa yao. Mzee huyu alijua mahali pa kukoma, akamkabidhi kijana kalamu angali hai, naye akafurahi kusoma alichoandika.