Siang'a, Mlinda Lango Tuliyemsahau

Muhula uliopita, hapa Kakamega, niliwaomba wanafunzi wangu wa isimu wanitajie majina yote wanayoyajua ya yule asimamaye langoni. Wakataja kipa, golikipa, mlinda lango, mnyakaji. Nilipowaomba basi wanitajie mnyakaji mmoja wa zamani wa Kenya, darasa likanyamaza. Mmoja tu, aliyekulia Dar es Salaam, ndiye aliyeinua mkono na kumtaja James Siang'a. Naye hakumjua kama kipa. Alimjua kama kocha wa Simba.

Jibu hilo lilinichoma.

Marehemu Siang'a alilinda lango la Gor Mahia na la timu ya taifa. Mwaka 1972, Kenya ilipofuzu kwa mara ya kwanza kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kule Cameroon, alikuwa miongoni mwa waliosafiri. Tulishindwa na wenyeji 2-1, kisha tukatoka sare ya 1-1 na Mali, na vivyo hivyo na Togo. Kufungwa mabao manne katika mechi tatu si aibu hata chembe. Lakini kazi ya kipa ina dhuluma yake: mpira anaoupangua husahaulika kabla ya jua kutua, ilhali ule unaompita huandikwa vitabuni.

Alipostaafu aligeukia ukufunzi. Aliifunza Gor Mahia, akaifunza Harambee Stars, kisha akavuka mpaka. Mwaka 2003 Simba yake ilipambana na Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Simba ilishinda 1-0 nyumbani, ikashindwa 1-0 Cairo, ikabidi mambo yaamuliwe kwa mikwaju ya penalti. Langoni alisimama kijana Juma Kaseja. Mara nyingi humwazia kocha yule, kipa mzee aliyekuwa kando ya uwanja mikono mitupu, akimtazama mwingine akifanya kazi ambayo yeye mwenyewe aliifanya miaka mingi. Simba ilishinda 3-2, ikaingia hatua ya makundi.

Siang'a alifariki Septemba 2016 huko Bungoma, jirani zetu kabisa.

Kipindi kilichofuata niliandika jina lake juu ya ubao, kabla ya mifano yangu ya ngeli. Wanafunzi wakalinakili, wakidhani ni sehemu ya somo. Sikuwasahihisha.