August Hermann Francke, Mchungaji wa Wanafunzi wa Halle

Katika vyuo vikuu vingi siku hizi yuko mchungaji aliyewekwa kwa ajili ya wanafunzi. Zamani za August Hermann Francke cheo hicho hakikujulikana kwa jina, lakini kazi yenyewe yeye aliifanya kwa muda wa miaka 35, tena kwa namna ambayo tumeona yafaa wasomaji wetu waijue.

Alizaliwa Lübeck, nchi ya Ujerumani, mwaka 1663. Baba yake, mtu wa sheria, alihamia Gotha kumtumikia mtawala wa huko, akafa mwana akiwa mtoto mdogo. Kijana alisoma Erfurt, na Kiel, kisha Leipzig. Huko Leipzig, mwaka 1686, yeye na rafiki yake Paul Anton waliwakusanya walimu vijana wachache wasome Biblia katika Kiebrania na Kiyunani. Jambo hili laonekana dogo, lakini hata wanafunzi wa elimu ya Mungu siku zile walisoma mabishano mengi kuliko Biblia yenyewe.

Mwaka 1687 alikuwa Lüneburg, akatakiwa kuhubiri juu ya Yohana 20:31. Alipoitengeneza hotuba akatambua kwamba imani atakayowahubiria watu yeye mwenyewe hanayo. Elimu alikuwa nayo tele, na Mungu alimwona kuwa mbali. Akapiga magoti siku kadhaa kwa huzuni kubwa, hata usiku mmoja mashaka yake yakaondoka. Twadhani hapo ndipo alipopata kuwa mchungaji wa wasomi, kwa kuwa shaka ya mtu mwenye vitabu vingi aliijua kwa kuionja.

Aliporudi Leipzig mafundisho yake yakavuta wanafunzi na watu wa mjini pia. Wakubwa wakaona hofu, na mwaka 1690 mikutano ya namna ile ikakatazwa. Akaenda Erfurt kuhudumu kanisani. Huko nako, mwaka 1691, akaamriwa kuuacha mji katika muda wa saa 48. Msomaji na aiweke hesabu hiyo moyoni, maana tutaikuta tena.

Mapema mwaka 1692 akafika Halle, ambako mtawala wa Brandenburg alikuwa akianzisha chuo kikuu kipya, kilichofunguliwa rasmi mwaka 1694. Francke alipewa kazi mbili pamoja: kufundisha lugha chuoni, na kuwa mchungaji wa Glaucha, kitongoji maskini nje ya kuta za mji, chenye vilabu vingi vya pombe. Kazi hizi mbili hakuzitenga kamwe.

Siku za Pasaka mwaka 1695 alikuta katika sanduku la sadaka lililokuwa nyumbani mwake taleri 4 na groshi 16. Akanunua vitabu, akamweka mwanafunzi mmoja maskini wa chuo awafundishe watoto wa Glaucha saa mbili kila siku. Watoto 27 walipewa vitabu. Wanne tu walirudi navyo. Francke akanunua vingine! Kutoka hapo zikatoka shule, na nyumba kubwa ya yatima, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1698.

Wengi wanaijua habari ya yatima, wachache wanaijua habari ya meza. Wanafunzi wengi wa Halle walikuwa maskini, nao walisoma kwa njaa. Kwanza Francke aliwagawia fedha kidogo kila juma. Mwaka 1696 akaona afadhali kuwapa chakula chenyewe, akaweka meza ya wanafunzi 24. Nao waliokula wakatakiwa kufundisha watoto katika shule zake. Hivyo mwanafunzi alipata chakula, mtoto alipata mwalimu, na mchungaji wa kesho alijifunza kusema na wadogo kabla ya kusema na wakubwa.

Tena kila Alhamisi saa nne asubuhi alisema na wanafunzi wote wa elimu ya Mungu, na saa ile walimu wenzake wa elimu hiyo hawakufundisha. Hakuwapa elimu mpya. Aliwasemesha juu ya maisha yao: uvivu, ulevi, majivuno, na kusoma bila kuomba. Kutoka kwa walioguswa na Halle walitoka Ziegenbalg na Plütschau, waliofika Tranquebar katika Uhindi mwaka 1706, na Francke akawa msaada wao kwa barua na fedha.

Lakini hatutaficha jambo moja. Chuoni alikuwapo Christian Wolff, mwalimu wa filosofia, ambaye mwaka 1721 alitoa hotuba akisema kwamba Wachina, pasipo ufunuo wa Mungu, waliweza kujua maadili mema kwa akili. Francke na wenziwe waliogopa kwamba wanafunzi watapotezwa, wakapeleka mashitaka. Mwaka 1723 mfalme Friedrich Wilhelm akamwamuru Wolff aondoke katika muda wa saa 48, la sivyo atanyongwa. Wengine miongoni mwa washitaki walishtuka. Francke aliona kwamba ni jibu la maombi yake. Sisi twaona vigumu kumfuata hapo. Hofu yake kwa ajili ya vijana ilikuwa ya kweli, lakini yeye aliijua njia ile ya kutoka mjini kwa haraka, na wanafunzi waliompenda Wolff walikuwa kundi lake pia. Wolff alirudishwa Halle mwaka 1740.

Francke alitoa fundisho lake la mwisho kwa wanafunzi mwezi wa Mei 1727, akafa tarehe 8 Juni. Mwaka ule watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakisoma katika shule zake, na wanafunzi wa chuo zaidi ya 200 walikuwa wakila mezani pake. Kazi ikashikwa na mwanawe, Gotthilf August, naye ndiye aliyempeleka Mühlenberg kwa Walutheri wa Pennsylvania mwaka 1742.