Shemasi aliyeona maji yakipenya



Leo sileti mtakatifu wa kalenda. Naleta shemasi mmoja Mfaransa, Jean-Antoine Nollet, mtu aliyejulikana sana Ulaya enzi zake. Nimemchagua kwa sababu ya swali linalowasumbua wengi wetu: nikiipenda sayansi, je, namwibia Mungu muda wake?

Nollet alizaliwa mwaka 1700 katika kijiji cha Pimprez, kaskazini mwa Ufaransa, kwenye familia ya wakulima wasio na mali. Alienda Paris kusoma teolojia, na mwaka 1728 akapata ushemasi. Hapo ndipo safari yake ikachukua njia nyingine. Hakufika kwenye upadre. Mikono yake ilipenda vioo, pampu na mizani, naye akawa fundi na mwalimu wa fizikia. Hata hivyo watu waliendelea kumwita Abbé Nollet, jina la heshima la makleri. Mwaka 1739 alipokelewa katika Chuo cha Sayansi cha Paris, na mwaka 1753 akawa profesa wa fizikia ya majaribio katika Collège de Navarre. Alifundisha hadi watoto wa mfalme.

Sasa sikiliza kilichotokea mwaka 1748. Nollet alikuwa anachunguza jambo jingine kabisa, yaani kuchemka kwa vimiminika. Alijaza spiriti kwenye chupa, akafunga mdomo wake kwa utando wa kibofu cha mnyama, akaizamisha ndani ya maji ili hewa isiingie. Saa chache baadaye alikuta utando umevimba na kukaza kama ngoma. Alipoutoboa kwa sindano, kimiminika kikaruka juu.

Mwingine angekasirika kwamba kazi imeharibika. Yeye alishangaa, na kwenye falsafa tunafundishwa kwamba kufikiri huanzia hapo. Akageuza jaribio: maji ndani ya chupa, spiriti nje. Safari hii utando ukabonyea kwa ndani. Basi akaelewa kwamba ule utando unayapitisha maji kwa urahisi kuliko spiriti.

Leo tunaita jambo hilo osmosisi. Maji hupita kwenye utando kutoka upande wenye vitu vichache vilivyoyeyuka kwenda upande wenye vingi. Kila seli ya mwili wako ina utando wa namna hiyo. Ukitia chumvi kwenye kachumbari, baada ya muda unakuta bakuli lina maji: chumvi imeyavuta kutoka kwenye seli za nyanya na vitunguu. Kwetu Mofu, mkulima akizidisha mbolea ya chumvichumvi, mpunga unanyauka hata kama udongo una unyevu. Tunasema mbolea imeunguza. Hakuna moto pale, jamani. Mizizi imeshindwa kuvuta maji kwa sababu udongo umekuwa na chumvi nyingi kuliko mizizi yenyewe.

Nollet hakuwa mtu wa kupatia kila kitu. Alibishana kwa miaka na Mmarekani Benjamin Franklin kuhusu umeme, na wanasayansi wengi wakaishia kumfuata Franklin. Alifariki Paris mwaka 1770. Nadharia kwamba viumbe hai vimejengwa kwa seli ilikuja karibu miaka 70 baadaye, kwa hiyo hakujua ameshika mlango wa jambo kubwa kiasi gani.

Ukubwa wake tunauona mtoto anapoharisha. Kumpa maji matupu hakutoshi. Miaka ya 1960 watafiti walionyesha kwamba sukari na chumvi zikiwa pamoja huingia kwenye seli za utumbo, na maji huzifuata kwa osmosisi. Ndiyo siri ya pakiti ya ORS pale zahanati. Ukiikosa, changanya lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, umnyweshe kidogokidogo huku mkimwahisha kwenye matibabu. Masika bonde la Kilombero linapojaa maji, maarifa haya ni tendo la huruma kabisa.

Turudi kwenye swali letu. Nollet hakuadhimisha Ekaristi kama padre hata siku moja. Alichotoa ni uaminifu mbele ya kitu kidogo ambacho Mungu alikiumba. Matunda yake hakuyaona. Kwa hiyo wewe unayesoma baiolojia usiku kwa taa ya sola, usidhani umetoka mbele za Mungu. Soma kwa bidii, kisha uliza: nani atapona kwa haya ninayojifunza?

Tuombe: Ee Mungu, uliyeyapa maji njia hata mahali tusipoiona, utupe macho ya kushangaa na mikono ya kuhudumia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.