Michael Wood: Mpasuaji aliyetambua kuwa ndege pekee haitoshi

MSAFIRI atokaye Nairobi kuelekea Mombasa huyapita majina ya Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei huku akisinzia. Kwa daktari wa upasuaji majina hayo yana maana nyingine. Ni kutoka huko anakoletewa dereva wa lori aliyevunjika paja, abiria aliyepasuka wengu, na utingo aliyeungua mikono. Ng'ambo ya Mto Athi, katika Kitui, majeraha ni ya namna nyingine: mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, mchungaji aliyeumwa na nyoka, kijana aliyetupwa na bodaboda mchangani, maili nyingi kutoka hospitali.

Wengi wetu huhesabu waliofia barabarani, kisha habari ikaisha. Kuna hesabu nyingine isiyofika magazetini: je, aliyefikishwa hospitalini akapasuliwa na kushonwa, aliishia vipi mwezi mmoja baadaye? Alirudi shambani, alibaki kilema, au alizikwa kimyakimya kwa sababu ya kidonda kilichooza? Katika historia ya udaktari wa Afrika Mashariki, mtu aliyeishi karibu sana na swali hilo ni Sir Michael Wood, Mwingereza aliyeanzisha huduma ya madaktari wa ndege, shirika ambalo leo ulimwengu unalijua kwa jina la Amref.

Wood aliwasili Kenya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akiwa mpasuaji kijana mwenye ugonjwa wa pumu. Hali ya hewa ya Uingereza ilikuwa ikimtesa, naye alitumaini kuwa nyanda za juu za Kenya zingemfaa mapafu. Aliandamana na mkewe Susan, ambaye hakuwa mgeni wa bara hili: alizaliwa Kongo, katika msitu wa Ituri, wazazi wake wakiwa wamishonari. Nairobi ilimpa Wood kazi tele. Lakini wagonjwa waliomsumbua akilini hawakuwa wale wa mjini. Walikuwa wale waliofika wakiwa wamechelewa, majeraha yao yamekwisha kujifunga vibaya: mtoto ambaye kidevu kimegandamana na kifua kwa kovu la moto, au mtu aliyeraruliwa uso na fisi. Upasuaji wa kawaida haukuwa na la kuwafanyia.

Ndipo katika miaka ya 1950 aliporudi Uingereza kujifunza upasuaji wa kurekebisha maumbile, katika mji mdogo wa East Grinstead. Mwalimu wake alikuwa Archibald McIndoe, bingwa kutoka New Zealand aliyepata sifa wakati wa vita kwa kuwatibu marubani walioungua.

Hapa inafaa tutue kidogo, kwa kuwa somo alilolipata Wood kwa McIndoe ndilo kiini cha habari hii. Vita vilipoanza, desturi ya madaktari ilikuwa kuyapaka majeraha ya moto asidi ya taniki, dawa iliyokausha kidonda na kukifunika kwa gamba gumu. Mgonjwa alionekana ametibiwa. McIndoe alitazama kilichofuata: vidole vilivyokunjamana visiweze kufunguka, kope zilizovutwa na kovu hata jicho likashindwa kufumba. Pia alibaini kuwa marubani walioanguka baharini walipona vizuri kuliko walioanguka nchi kavu. Kutokana na hayo alianza kuwaogesha wagonjwa kwa maji ya chumvi, akapigana hadi dawa ile ikaachwa katika majeraha ya uso na mikono. Kwa maneno mengine, tiba iliyoaminiwa na wakubwa iliangushwa na mtu aliyefuatilia wagonjwa baada ya matibabu. Wala hakuishia ngozini. Alitaka marubani wale watembee mjini, wanywe na wenyeji, waoe, wapate kazi. Kwake, matokeo ya upasuaji yalikuwa maisha ya mtu.

Wood alirejea Afrika Mashariki na ujuzi huo ambao ulikuwa nadra mno katika eneo hili. McIndoe naye alikuwa amevutiwa na bara hili, akanunua shamba kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Tanganyika, ambako akina Wood pia walikuwa na shamba lao. Ni huko, mwaka 1956, ambako wapasuaji watatu, yaani hao wawili pamoja na Mmarekani Thomas Rees, aliyekuwa pia mwanafunzi wa McIndoe, walipanga namna ya kuwafikia wagonjwa wa mbali. Wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa na daktari mmoja kwa kila watu 30,000, na barabara nyingi zilifungwa na mvua. Jibu lao lilikuwa ndege. Shirika likaundwa mwaka 1957. McIndoe alifariki mwaka 1960 na Rees akaendelea na kazi yake New York, hivyo mzigo mkubwa ukabaki mabegani mwa Wood.

Picha ya daktari anayejirusha mwenyewe kwa ndege ndogo, akitua kwenye kiwanja cha vumbi baada ya kufukuza ng'ombe, iliwapendeza mno wafadhili wa Ulaya na Marekani. Hata sisi waandishi tumeishabikia kupita kiasi. Wood alijifunza urubani akiwa mtu mzima, na safari za kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson zikawa sehemu ya maisha yake. Baadaye alijiunga naye Anne Spoerry, daktari Mfaransa ambaye wakazi wa kaskazini na wa Lamu walimjua kama Mama Daktari hadi kifo chake mwaka 1999.

Lakini picha hiyo haionyeshi kilichotokea jioni, ndege ilipokwisha kuondoka. Mpasuaji anayefanya upasuaji mwingi kwa siku moja kisha akaenda zake huwaachia wengine kazi ngumu zaidi. Homa hupanda usiku wa pili. Ngozi iliyopandikizwa huinuka kwa usaha. Mshono wa utumbo huachia siku ya tano. Anayekesha na hayo yote ni muuguzi wa misheni au mhudumu wa zahanati ambaye jina lake halikuandikwa kokote. Kwa maoni yangu, kifaa muhimu kuliko vyote katika shirika la Wood hakikuwa ndege, bali redio ya upepo iliyoanza kuziunganisha hospitali za mbali na Nairobi katika miaka ya 1960. Kwa redio, muuguzi aliweza kueleza hali ya kidonda na kuuliza afanye nini, na daktari akajua aliyemwacha jana ameamkaje leo.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha jinsi usiku ule wa pili na siku ile ya tano zilivyo hatari. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya wagonjwa 11,422 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Zaidi ya nusu yao walipasuliwa kwa dharura. Walikuwa wenye umri mdogo kuliko wagonjwa wa kwingineko duniani, hata hivyo uwezekano wao wa kufa ulikuwa maradufu. Takriban mmoja katika kila watano alipatwa na matatizo. Jambo la kutafakarisha zaidi ni hili: kati ya 239 waliofariki, 225 walifariki baada ya siku ya upasuaji. Yaani kisu hakikuwaua. Watafiti wakajaribu dawa ya wazi, kwamba wagonjwa walio hatarini wachunguzwe kwa makini zaidi wodini. Jaribio hilo, lililohusisha hospitali 332 katika nchi 28 na kuchapishwa mwaka 2021, halikupunguza vifo. Kumtazama mgonjwa bila wauguzi, damu wala vifaa vya kumwokoa, kumbe hakutoshi.

Wood alikuwa ameanza kuelekea huko miongo kadhaa nyuma. Kadiri miaka ilivyopita, shirika lake liligeuka kutoka kwenye kisu kwenda kwenye mafunzo, vitabu vya wahudumu wa afya na kinga ya maradhi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 lilianzisha, pamoja na Wizara ya Afya, mradi wa afya ya vijijini huko Kibwezi. Makueni wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, kwani haikupata kuwa wilaya kamili hadi 1992, na Kibwezi ilikuwa nchi kavu yenye wahamiaji wengi wa Kikamba waliotafuta ardhi. Kilichofanyika pale hakikuvutia wapiga picha. Kituo cha afya kilijengwa, kisha wanavijiji wenyewe wakachaguliwa na kufunzwa kuwa wahudumu wa afya: kusafisha jeraha, kumtambua mgonjwa asiyeweza kungoja, kufundisha usafi wa maji.

Wapo waliodhani kuwa mpasuaji mashuhuri amepotea njia. Ingelikuwa rahisi kwake kununua ndege nyingine. Lakini Kibwezi iko kilomita karibu 200 kutoka Nairobi, na majeruhi anayevuja damu hawezi kuhifadhiwa hadi rubani apate ruhusa ya kuruka. Tume ya Lancet ya mwaka 2015 iliweka kipimo cha saa mbili: ndani ya muda huo kila mtu awe amefika penye uwezo wa kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatokeza nje. Kwa mkazi wa kusini mwa Kitui, saa mbili huanza kuhesabiwa kabla jirani hajapata gari. Anayemfunga jeraha kijijini ndiye anayezifanya saa hizo zitoshe.

Mwaka 1985 Wood alipewa na Uingereza heshima ya kuitwa Sir. Mwaka huohuo, akiwa amekwisha kuliacha shirika alilolianzisha, aliunda jingine pamoja na mwenzake David Campbell, nalo halikuwa la tiba hata kidogo. Liliitwa FARM-Africa, na shughuli yake ilikuwa kilimo na mifugo ya wakulima wadogo. Njaa ya Ethiopia ilikuwa imeitikisa dunia, naye alikuwa ameona wodini vya kutosha jinsi mwili uliokosa chakula unavyoshindwa kuziba kidonda, hata kama kimeshonwa na bingwa.

Hakupata muda wa kuuona mti huo ukizaa. Alifariki mwaka 1987. Susan, ambaye mwaka 1975 alikuwa ameanzisha karakana ya shanga ya Kazuri huko Karen ili kuwapa kazi kina mama wasio na waume, aliishi hadi mwaka 2006. Kufikia wakati huo FARM-Africa ilikuwa imefika Mwingi na Kitui, ikiwagawia wakulima maskini mbuzi wa maziwa na kuwafunza vijana wa vijijini kutibu mifugo.