Francis Thompson, Mshairi Aliyewapenda Wachezaji wa Lancashire

Katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za maaskofu, mapadre na watawa. Safari hii tunamtazama mtu ambaye hakupata kuwa padre, ingawa alipelekwa shule ya kumwandaa kwa upadre. Wala hakupata kuwa mganga, ingawa alisomea uganga karibu miaka sita. Hata mchezo alioupenda kuliko yote, yaani kriketi, hakuucheza kwa sifa yoyote. Yeye alikuwa mtazamaji. Wale miongoni mwetu ambao hukosa usingizi timu yao ikifungwa watamwelewa upesi.

Francis Thompson alizaliwa mwezi wa Desemba mwaka 1859 katika mji wa Preston, kaunti ya Lancashire, kaskazini ya Uingereza. (Kaunti ni kama mkoa kwetu.) Baba yake, Charles Thompson, alikuwa mganga, na nyumba yao ilikuwa ya Wakatoliki wa Roma. Mwaka 1864 walihamia Ashton-under-Lyne, karibu na mji mkubwa wa Manchester. Mtoto alikuwa mpole, mwenye haya, mpenda vitabu. Alipokuwa na umri wa miaka kumi tu wazazi wake walimpeleka Ushaw, karibu na Durham, walikosomeshwa vijana waliotazamiwa kuwa mapadre. Akakaa huko miaka saba. Mwaka 1877 wakubwa wa chuo wakamwandikia baba yake kwamba kijana hana kosa la tabia, lakini mawazo yake huzurura mno, na upadre haumfai.

Basi akarudi nyumbani, na baba akaamua asomee uganga katika chuo cha Owens pale Manchester. Kila asubuhi Francis aliondoka Ashton, na jioni alirudi. Wazazi walidhani ametoka darasani. Kumbe siku nyingi alikuwa katika maktaba, au katika nyumba ya picha, na wakati wa kiangazi alikuwa Old Trafford, uwanja wa timu ya kaunti ya Lancashire. Alichukia kuona damu, na chumba cha kupasulia maiti kilimtia kichefuchefu. Sitaki kumtetea kwa kuwadanganya wazazi wake, maana fedha iliyopotea ilikuwa jasho la baba. Lakini ni vigumu kumwita mvivu kijana ambaye angeweza kuketi tangu asubuhi mpaka jioni, siku tatu mfululizo, akiufuata mpira mmoja kwa macho.

Wengi wetu tumeuona mchezo huu Dar es Salaam au Nairobi, lakini kwa wasioujua nieleze kidogo. Kila upande una watu kumi na mmoja. Wapigaji wawili husimama katikati ya uwanja, mmoja kila mwisho, na nyuma ya kila mmoja kuna vijiti vitatu viitwavyo wiketi. Mrushaji hutaka kuviangusha vijiti. Mpigaji huvilinda kwa gongo lake. Mpira ukienda mbali, wapigaji wawili hukimbia wakipishana, na kila wakifika salama wamepata mbio moja. Wakikosa kuelewana njiani, mmoja wao hutolewa. Kwa hiyo wapigaji wawili wanaofungua mchezo ni kama watu wawili waliomo katika mtumbwi mmoja.

Lancashire ilikuwa na wawili wa namna hiyo. Wa kwanza alikuwa A. N. Hornby, mtoto wa tajiri wa viwanda vya pamba kutoka Blackburn, mtu mwenye haraka, aliyependa kukimbia hata mbio ambazo mwenye busara angeziacha. Wa pili alikuwa R. G. Barlow, aliyecheza kwa kulipwa mshahara, mtu mtulivu aliyesimama mbele ya wiketi yake kama mlinzi mlangoni. Mwaka 1882, Lancashire ilipocheza na Nottinghamshire, Barlow alisimama saa mbili na nusu akapata mbio tano tu, wala hawakuweza kumtoa! Mwenzake akiita, Barlow alipaswa kukimbia apende asipende, na mara nyingine yeye ndiye aliyetolewa kwa sababu ya haraka ya Hornby. Tajiri na mfanyakazi wake, mwepesi na mzito. Watu wa Lancashire waliwapenda pamoja.

Tarehe 25 Julai 1878 timu ya Gloucestershire ilifika Old Trafford kwa mara ya kwanza. Gloucestershire ndiyo iliyotisha Uingereza nzima wakati huo, kwa sababu ya ndugu watatu wa nyumba ya Grace: E. M., W. G. na Fred. W. G. alikuwa na ndevu ndefu nyeusi, na mpaka leo wako wanaosema kwamba hajapatikana mchezaji aliyeubadilisha mchezo huo kama yeye. Watu wa Manchester walikuja kwa maelfu. Francis alikuwa na umri wa miaka kumi na minane.

Siku ya kwanza Lancashire walipata mbio 88 tu. Gloucestershire wakapata 116. Mtazamaji wa Lancashire alikuwa na haki ya kukata tamaa. Ndipo Hornby na Barlow walipotoka mara ya pili, na kabla mmoja wao hajatolewa walikuwa wamepata mbio 108 pamoja, zaidi ya timu nzima katika zamu ya kwanza. Hornby alifika 100 kamili, Barlow 80, na jumla ya timu ikawa 262. Gloucestershire sasa walihitaji 235. Siku ya tatu ilipokwisha walikuwa na 125, watu watano wametolewa, na W. G. Grace bado yumo na mbio zake 58. Hakuna aliyeshinda. Mtu asiyejua kriketi atauliza: siku tatu, halafu sare? Ndiyo. Na mtu mmoja aliyekuwa shabiki wa Lancashire siku hizo aliubeba mchezo huo moyoni karibu miaka thelathini.

Baada ya hapo mambo yake yaliharibika. Mwaka 1879 aliugua sana, na karibu na wakati huo alianza kunywa dawa ya kasumba iliyochanganywa na pombe kali. Siku hizo dawa hiyo iliuzwa madukani, hata ya kutuliza kikohozi. Mama yake alikufa Desemba 1880. Mitihani ya uganga akaianguka mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu. Akajaribu jeshi, hawakumtaka. Baba na mwana wakakosana, na Novemba 1885 Francis akaondoka kwenda London akiwa hana kazi wala mpango.

London ilimpokea kama inavyowapokea maskini wote. Alibeba vitabu kwa muuza vitabu, akauza viberiti, akawaitia watu magari ya farasi ili apate senti. Usiku alilala kando ya mto Thames. Baba yake aliagiza apewe fedha kidogo kila juma, lakini ikafika siku akaacha kwenda kuzichukua, labda kwa aibu ya nguo zake. Mwaka 1886 alikutana njiani na John McMaster, fundi viatu na mzee wa kanisa la St Martin-in-the-Fields, kanisa la Kianglikana. McMaster alimwona jinsi alivyo, akamchukua, akamvika, akampa kazi dukani kwake na mahali pa kulala. Kazi haikudumu, miezi michache tu, kwa kuwa Francis alikuwa hafai kabisa kwa kazi ya duka, na kasumba ilikuwa haijamwacha. Lakini mzee huyo alimlisha Mkatoliki wa Roma, na karatasi za dukani ndizo Francis alizoandikia.

Kuna mwingine aliyemsaidia, nasi tusimpite kwa kuona haya. Alikuwa msichana aliyejiuza barabarani. Alimkuta Francis karibu kufa kwa njaa na baridi, akamgawia chumba chake na chakula chake kidogo. Jina lake halijulikani hata leo. Francis alimkumbuka kwa heshima maisha yake yote.

Februari 1887 alipeleka mashairi na makala kwa Wilfrid Meynell, mhariri wa gazeti lililoitwa Merry England. Karatasi zilikuwa chafu mno, zikawekwa kando. Meynell alipozisoma hatimaye alistaajabu, akaandika barua, na barua ikarudi bila kumpata mtu. Katika majira ya kuchipua ya 1888 akachapisha shairi moja, akitumaini kwamba mwenyewe atajitokeza. Naye akajitokeza. Husimuliwa kwamba mlango wa ofisi ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena, ndipo akaingia mtu asiye na shati ndani ya koti, na viatu vilivyotoboka bila soksi. Msichana yule, aliposikia kwamba rafiki yake amepata watu wa kumwinua, aliondoka asionekane tena, asije akamharibia jina. Francis alimtafuta muda mrefu.

Meynell na mkewe Alice, ambaye naye alikuwa mshairi, walimtunza kama ndugu. Walimpeleka kwa watawa wa Storrington ili aiache kasumba, na huko ndiko alikoanza kuandika shairi lililomfanya ajulikane duniani, la mtu anayemkimbia Mungu na Mungu anayemfuata bila kuchoka. Lilichapishwa 1890, kisha likaingia katika kitabu chake cha kwanza, 1893. Baadaye alikaa miaka kadhaa Pantasaph, Wales, karibu na ndugu Wafransisko. Baba yake alikufa 1896.

Aliporudi London aliishi kwa kuandika habari za vitabu magazetini. Alichelewesha kazi, alipoteza barua, kasumba ikamrudia. Lakini kilipotoka kitabu cha kriketi cha mwana wa kifalme wa Kihindi, Ranjitsinhji, mwaka 1897, Thompson alikiandikia habari kwa furaha ya kijana. Humo alimsifu sana Vernon Royle wa Lancashire kwa jinsi alivyodaka na kuzuia mipira. Royle huyo alikuwa amekwisha kuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza.

Mwaka 1907, akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, alialikwa kwenda Lord's, uwanja ulioko London, kuitazama Lancashire ikicheza na Middlesex. Husimuliwa kwamba siku ilipokaribia alishindwa kwenda. Mimi naamini sababu si ugonjwa tu. Wachezaji aliowajua hawakuwamo tena. Fred Grace alikuwa amekufa tangu 1880, akiwa na miaka ishirini na tisa. Hornby na Barlow walikuwa wazee. Angekwenda akaona majina mapya chini ya jina lile lile la kaunti yake, na shabiki wa kweli anajua jinsi jambo hilo linavyouma. Badala yake kuna shairi fupi, ambamo anautazama mchezo wa Lord's lakini anachokiona ni Old Trafford ya ujana wake, na wapigaji wake wawili wakikimbia huku na huku kama vivuli.

Alikufa tarehe 13 Novemba 1907 katika hospitali ya St John and St Elizabeth, London, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, akazikwa Kensal Green. Shairi la kriketi lilitoka mwaka 1913, katika kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Everard, mtoto wa Meynell.

Hornby na Barlow walikuwa wamechezea timu ya Uingereza pamoja mwaka 1882, ilipofungwa na Australia. Katika timu hiyo alikuwamo pia C. T. Studd, ambaye baadaye aliacha mchezo akaenda kuhubiri China, kisha Kongo, akafa Ibambi mwaka 1931. Wakristo wa kule wanalijua jina lake kwa habari nyingine kabisa. Barlow alikufa 1919, na juu ya kaburi lake kule Blackpool imechongwa wiketi iliyopigwa na mpira. Hornby alikufa 1925. Old Trafford ungalipo, na Lancashire hucheza pale hata leo.