Dakta Abdullah Abdurahman: Mjukuu wa Watumwa Aliyeingia Barazani

Yakizungumzwa mambo ya Afrika Kusini barazani, jina la kwanza kutajwa huwa ni la Nelson Mandela, na hiyo ni haki yake. Lakini miaka 14 kabla Mandela hajazaliwa, katika mji wa Cape Town alikuwako daktari wa Kiislamu aliyechaguliwa kwa kura kuingia katika baraza la mji, pahali ambapo mtu asiyekuwa Mzungu hajapata kukaa. Mtu huyo ni Dakta Abdullah Abdurahman. Huku kwetu mwambao wanaomjua ni wachache, ingawa kisa chake kinatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Waislamu wa Cape si watu wa mbali nasi. Wazee wao waliletwa na Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia, Bara Hindi, Madagascar na hata pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Wengine waliletwa kama watumwa, wengine ni wanavyuoni na watu wa ukoo bora waliofukuzwa makwao kwa kuukataa utawala wa Waholanzi. Sheikh Yusuf wa Makassar alifikishwa huko mwaka 1694. Imamu Abdullah wa Tidore, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tuan Guru, alifikishwa mwaka 1780 akatiwa gerezani katika kisiwa cha Robben, kisiwa kile kile alichokuja kufungwa Mandela. Wengi wa Waislamu hao ni wafuasi wa Imamu Shafi, kama tulivyo sisi, na chuo cha Kurani kwao kilikuwa ndicho ngome ya mnyonge, kama kilivyokuwa kwetu.

Katika watu hao walikuwamo mume na mke, Abdul Jamalee na Betsy, waliokuwa watumwa. Walijikomboa kwa fedha zao wenyewe, kisha wakaanza kuuza matunda na mboga mpaka wakawa watu wanaojiweza. Tazama, msomaji, waliifanyia nini mali yao. Walimpeleka mtoto wao, Abdul Rachman, kutafuta elimu ya dini Makka na katika Al-Azhar huko Misri. Mtu aliyeonja kununuliwa na kuuzwa alijua kwamba fedha hupotea na nyumba hunyang'anywa, lakini kilicho kichwani mwa mtoto hakiwezi kupigwa mnada.

Abdul Rachman alimwoa Khadija Dollie, na katika mwaka 1872, tarehe 18 Desemba, wakamzaa Abdullah katika mji mdogo wa Wellington, si mbali na Cape Town. Baba alikuwa mtu wa dini, lakini hakuiogopa elimu ya kizungu. Abdullah alitiwa katika shule ya mabruda wa Kikatoliki wa Marist, kisha akaingia shule ya South African College. Katika mwaka 1888 alipanda meli kwenda Scotland kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na mwaka 1893 akahitimu. Alikaa miaka miwili London akizidi kujifunza kazi yake, na huko Uingereza akamwoa Helen James, binti wa Kiskoti, aliyeitwa Nellie na jamaa zake. Mwaka 1895 akarudi kwao na mkewe, akafungua mlango wake kwa wagonjwa.

Cape aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Tangu mwaka 1853 sheria ya huko haikutazama rangi ya mpiga kura. Mwanamume yeyote mwenye mali ya pauni 25 aliweza kupiga kura. Lakini watu weusi na Waislamu walipoanza kuitumia haki hiyo, wenye nguvu waliingiwa na hofu. Mwaka 1892 kiwango kikapandishwa hadi pauni 75. Mwaka uliofuata, Ahmed Effendi, mtoto wa yule mwanachuoni Abu Bakr Effendi aliyetumwa Cape kutoka Istanbul, alipojitayarisha kugombea kiti cha bunge, utaratibu wa kuhesabu kura ukabadilishwa upesi ili asiweze kushinda. Naye hakushinda.

Kulikuwa na jambo jingine lililomgusa Abdurahman kwa upande wa kazi yake. Mwaka 1882 ndui iliupiga mji wa Cape Town, na baada yake serikali ikayafunga makaburi ya Waislamu yaliyokuwa ndani ya mji kwa hoja ya kulinda afya. Hilo lilikuwa mwaka 1886, na mji ukachafuka kwa ghasia. Abdullah alikuwa mvulana wa miaka 13. Mwaka 1901, akiwa sasa ni daktari, tauni iliingia mjini, na Waafrika waliokuwa wakiishi humo wakaondolewa wakapelekwa Uitvlugt, nje ya mji, pahali palipokuja kuitwa Ndabeni. Hapo pia hoja ilikuwa ni afya. Maradhi yalikuwa ya kweli na watu walikufa. Lakini aliyekuwa akihamishwa alikuwa yule yule mnyonge, na maradhi yalipokwisha hakurudishwa kwake. Dawa iligeuzwa fimbo. Daktari anayejua chanzo cha maradhi angewezaje kutibu vifua katika vyumba visivyo na hewa, asiulize ni sheria gani iliyowarundika watu katika vyumba hivyo?

Ndipo mwaka 1904 Dakta Abdurahman akasimama katika mtaa wa District Six, walimoishi pamoja Waislamu, Wakristo, Wayahudi na watu wa kila rangi. Akachaguliwa diwani. Kazi ya diwani si ya fahari: ni habari ya mitaro, taka, taa za barabarani na nyumba za watu maskini. Lakini ndiyo kazi inayomfaa daktari, maana katika mitaro ndimo maradhi yanamoanzia. Ukiondoa kipindi kifupi kati ya 1913 na 1915, alikaa katika baraza hilo mpaka siku ya kufa kwake, na kuanzia mwaka 1914 alikuwa pia mjumbe katika Baraza la Jimbo la Cape.

Mwaka 1905 alichaguliwa kuwa rais wa African Political Organisation, chama kilichoundwa mwaka 1902 na kujulikana kwa herufi APO. Kilikuwa hasa chama cha watu ambao serikali iliwaita Coloured, yaani wale ambao si Wazungu wala si Waafrika kwa hesabu ya serikali. Mwaka huo huo ilitoka sheria ya shule iliyowalazimisha watoto wa Kizungu kusoma na kuwaacha wengine nyuma. Mwaka 1906 daktari alikwenda London kuwaombea haki ya kura watu wasiokuwa Wazungu katika nchi za Transvaal na Orange River. Akarudi mikono mitupu.

Safari iliyokuwa kubwa zaidi ni ya mwaka 1909. Wazungu wa makoloni manne walikuwa wameafikiana kuunganisha nchi zao ziwe Muungano wa Afrika Kusini, na katika mswada wao waliandika kwamba mtu asiye wa asili ya Ulaya hataruhusiwa kuingia bungeni. Ujumbe ukaenda London chini ya W. P. Schreiner, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Cape. Ndani yake walikuwamo Dakta Abdurahman, Tengo Jabavu na mchungaji Walter Rubusana. Msimu huo huo Gandhi naye alikuwa London na madai ya Wahindi wa Transvaal. Wajumbe wa Cape walibisha milango mingi, wakapokewa kwa adabu, wakasikilizwa, na mswada ukapita vile vile. Tarehe 31 Mei 1910 Muungano ukazaliwa, na mlango wa bunge ukafungwa mbele ya uso wa daktari aliyesoma katika vyuo vya Uingereza hiyo hiyo.

Mtu mwingine angevunjika moyo. Yeye alirudi kwenye njia ya babu yake, njia ya kusomesha. Katika mwaka 1909 chama kilikuwa kimeanzisha gazeti lake, nalo liliitwa APO, likiandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha ya Kiholanzi ya huko. Mlikuwa na safu ya mzaha iliyoandikwa kwa lugha ya mitaani, na wengi wanaamini kwamba mkono ulioiandika ni wa daktari mwenyewe. Nellie naye aliongoza jumuiya ya wanawake wa chama hicho.

Kisha zikaja shule. Kulikuwa na kijana mmoja wa Natal, Harold Cressy, aliyetaka kusomea digrii, na vyuo viwili vikamkataa kwa sababu ya rangi yake. Dakta Abdurahman akamshikia bango, mpaka South African College ikampokea, na mwaka 1910 Cressy akapata digrii yake, wa kwanza katika watu wa kundi lake. Mwaka 1912 ilifunguliwa shule ya Trafalgar kwa juhudi za daktari, na Cressy akawa mwalimu mkuu. Mwaka 1913 ikafunguliwa Rahmaniyeh, shule ya watoto wa Kiislamu ambamo dini na elimu ya dunia zilifundishwa chini ya paa moja. Kwetu pwani, ambako wazee wengi walisitasita kupeleka watoto shule kwa kuchelea wasije wakatolewa katika dini yao, jambo hilo lafahamika bila ya kuelezwa. Daktari hakuwalaumu wazazi kwa hofu yao. Aliwajengea shule isiyowatisha.

Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, APO iliunga mkono vijana wajiandikishe jeshini, kwa tamaa kwamba damu itanunua haki. Ndipo likaundwa jeshi la Cape Corps. Mnamo Februari 1916 wanajeshi hao waliteremka Kilindini, wakapita Mombasa kwenda kupigana na Wajerumani katika Tanganyika. Waliporudi kwao, haki haikuwangoja bandarini.

Sauti yake ilifika mbali. Mwishoni mwa mwaka 1925 aliongoza ujumbe wa Wahindi wa Afrika Kusini kwenda Bara Hindi, kupinga mswada wa kuwatenga katika maeneo yao. Huko alionana na Gavana Mkuu wa Uingereza, Lord Reading. Safari hii jitihada ilizaa kitu: ukaitishwa mkutano kati ya serikali mbili hizo mjini Cape Town, na mwaka 1927 mswada ukaachwa. Mwaka huo huo, mjini Kimberley, aliongoza mkutano uliowakutanisha Waafrika, Wahindi na watu wa Cape, ili wazungumze kama watu wenye mzigo mmoja. Ilikuwa ni mbegu ya umoja ambao haukukomaa katika uhai wake.

Si kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Kadiri miaka ilivyokwenda, vijana walichoka na barua, maombi na ujumbe. Walimwona mzee wao amejifunga na chama cha Jenerali Smuts kwa kutumaini kwamba Mzungu wa afadhali atapatikana. Mwaka 1936 Waafrika wa Cape walitolewa katika orodha ya pamoja ya wapiga kura, na Smuts alikuwamo katika serikali iliyofanya hivyo. Lawama kali zaidi ilitoka nyumbani kwake. Binti yake Zainunnissa, maarufu kwa jina la Cissie Gool, mwanafunzi wa Trafalgar, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa National Liberation League mwaka 1935, chama cha watu waliotaka kuteremka barabarani badala ya kuandika maombi. Mwaka 1938 naye akachaguliwa diwani wa District Six. Kwa muda baba na binti wakawa katika baraza moja, kila mmoja na njia yake.

Ni nani aliyekuwa na haki? Binti aliona kweli kwamba mlango uliofungwa kwa makusudi haufunguki kwa kubishwa hodi. Lakini aliyemfundisha kusema hivyo bila ya kutetemeka ni baba yake, na shule aliyosoma ni ya jasho la baba yake.

Dakta Abdurahman alifariki ghafla tarehe 20 Februari 1940, akiwa na umri wa miaka 67. Maelfu kwa maelfu ya watu wa dini zote walilifuata jeneza lake. Hakuyaona yaliyokuja: serikali ya ubaguzi ya mwaka 1948, kura za watu wake kuondolewa mwaka 1956, na tangazo la mwaka 1966 kwamba District Six ni mtaa wa Wazungu tu. Watu wapatao 60,000 walihamishwa, nyumba zao zikabomolewa kwa matingatinga. Tena walihamishwa walio wanyonge, kama ilivyokuwa siku za tauni.

Ukihesabu mambo makubwa aliyoyapigania, utaona kwamba karibu yote alishindwa katika uhai wake. Lakini Trafalgar haikubomolewa. Ilibaki imesimama kati ya magofu, ikiendelea kusomesha. Mmoja wa waliopita katika madarasa yake ni Dullah Omar, Mwislamu wa Cape, wakili wa Mandela, ambaye mwaka 1994 alikuwa waziri wa kwanza wa sheria katika serikali iliyochaguliwa na watu wote. Mwaka 1999 taifa hilo jipya likamtunukia marehemu Dakta Abdurahman nishani ya heshima.

Wazee walisema, mpanda mnazi hanywi dafu lake. Babu muuza matunda alipanda, daktari akatilia maji, na waliokuja kuangua ni watoto ambao hawakuwajua. Mwenyezi Mungu amrehemu.